Mwaka wa Kuulizwa Vow Ni Nini

Waliponipigia simu kuniambia kwamba Sista Perpetua amefariki, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa nimeshakaa kwenye kigoda nyuma ya duka na kunywa maji. Hasira ilitangulia kwa sababu alikuwa amebaki mtu mmoja tu duniani ambaye ningeweza kugombana naye kuhusu neno lile, na mtu huyo amekwenda zake kabla sijamaliza. Nilikwenda kwenye mazishi, upande wa Nagongera, pamoja na mkaza mwanangu Atieno, ambaye kwao ni Busia ya Kenya. Tulipewa viti vya plastiki chini ya turubai, tukachanganywa na wanawake wengine ambao, kama mimi, waliwahi kuishi konventi wakatoka. Padri alihubiri kwa Kiingereza, akasema marehemu aliishika kila vow aliyoiweka tangu ujana wake, na Atieno akaniinamia sikioni. "Mama, hiyo vow anasema, si ni promise tu?" Nilimwambia anyamaze, tuko msibani. Ukweli ni kwamba swali lake lilinipandisha mori. Swali hilohilo niliulizwa mwaka mzima, kila Jumamosi, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nikalijibu vibaya kila Jumamosi, na siku niliyolipatia ndiyo siku niliyorudishwa nyumbani.

Habari za ukoo wetu nitaziruka, wako wajomba wanaopenda kuzieleza. Inatosha kujua kwamba mama yangu alikuwa akiuza dagaa katika soko la Busia, upande wa Uganda, dagaa ambao sisi tunawaita mukene na wenzetu wa ng'ambo ya barabara wanawaita omena, na kwamba nilipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni niliugua surua. Watoto waliolazwa pamoja nami walikuwa wakifunikwa shuka mmoja baada ya mwingine. Mama akamwambia Mungu amwachie huyu wake, naye akikua atamrudishia awe sista. Nikapona. Mama hakuwa na shaka hata kidogo juu ya maana ya jambo hilo: nisipokuwa sista, Mungu atakuja kuchukua kilicho chake, yaani nitakufa. Hakulisema kwa kunitisha. Alilisema huku akipepeta dagaa, kwa sauti ileile ya kusema kwamba mvua itanyesha, na mimi nililiamini kama nilivyoamini mvua. Kwa hiyo nilipomaliza shule nilifunga sanduku nikaenda konventi, na kwenye kituo cha baiskeli mama akanipa onyo moja. "Wakiuliza, sema Mungu alikuita. Ile mambo ya surua usiseme. Watasema mimi nakulazimisha." Sasa mimi mwenyewe nimelea watoto, nimewahi kukesha na mmoja anayechemka homa, na najua mtu anaweza kumwahidi Mungu chochote wakati ule. Lakini kujua hivyo hakujanipunguzia hasira. Kila mtu katika habari hii alizungumza na Mungu isipokuwa mimi.

Konventi ilikuwa na harufu ya nta nyekundu ya sakafu na muhogo ulioanikwa. Chumba chetu sisi wapya kilikuwa na vitanda vinne vya chuma ambavyo vililia kila mtu akijigeuza, na dirisha moja lililotazama kamba za kuanikia nguo. Kitanda kilichopakana na changu kilikuwa cha Awor, msichana wa Nabuyoga, mkimya, mwenye mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni. Mchana tulikula ugali wa wimbi na muhogo, pamoja na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na tulikula bila kusema neno huku mmoja wetu akisoma maisha ya watakatifu kwa sauti. Mimi nililelewa katikati ya kelele za soko, na ukimya ule ulinifanya nisikie meno yangu mwenyewe yakitafuna. Lugha ya nyumba ilikuwa Kiingereza. Kiswahili changu, ambacho mpakani kilitulisha, pale kilihesabiwa kuwa lugha ya wanajeshi na wezi, na aliyeteleza akakisema alipewa adhabu ya kufagia ukumbi. Nilifagia ukumbi ule mpaka nikajua kila ufa. Siku moja, nikiwa na ufagio karibu na mlango wa sebule, nilisikia masista wawili ndani wakinijadili. "Yule wa Busia ana akili," mmoja alisema. "Ana mdomo," Sista Perpetua akamjibu. "Tutaona kama nyuma ya mdomo kuna mtu." Maneno hayo nilikaa nayo wiki nzima nikiyageuzageuza, na kila nilipoyageuza yalinichoma upya.

Sista Perpetua ndiye aliyekuwa mlezi wetu. Kwao kulikuwa mbali, magharibi kwenye milima, na Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kila neno likiwekwa mahali pake. Jumamosi baada ya kufua alituketisha sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, akatuuliza swali lilelile: vow ni nini? Alisema kabla hatujapelekwa unovisi, ambako msichana huanza kujiandaa kwa nadhiri zenyewe, ni lazima tujue neno hilo lina nini ndani yake na linatumikaje, maana siku moja tutasimama mbele ya watu na kulitamka. Jumamosi ya kwanza niliinua mkono kabla hajamaliza kuuliza. Nikasema vow ni promise, ahadi tu. Akataka kujua kwetu mpakani watu huahidi nini. Nikamweleza ukweli: mwenye baiskeli ya boda anakwambia anakuja saa hii, kumbe yuko upande wa Kenya anakunywa chai, mwenye nyanya anakwambia mzigo uko njiani, kumbe nyanya bado ziko shambani zinaiva. "Na watu wanakasirika?" Nikasema hapana, kila mtu anajua ni maneno ya kumpoza mwenzako. "Basi silo neno ninalolitafuta," akasema, akamgeukia mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilikuja nimejiandaa. Nikasema vow ni ahadi yenye nguvu, ile ambayo mtu anamtaja Mungu ili aaminiwe, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa na kasi nikatoa na mfano: haki ya Mungu, maharagwe haya hayana wadudu. Wenzangu wakacheka. Sista hakucheka. "Hicho ni kiapo," akasema. "Unamwita Mungu aje awe shahidi wa maharagwe yako. Kwenye vow Mungu hasimami pembeni kushuhudia. Yeye ndiye unayesema naye." Nikafurahi moyoni, nikaona jibu limeniangukia mkononi. Jumamosi ya tatu nikamrudishia maneno yake yaleyale, bila kupunguza hata moja, naye akatikisa kichwa. "Hayo ni yangu. Yako yako wapi?" Nilitamani kumrushia kitambaa cha kochi. Mwalimu gani anakupa jibu kisha anakukataza kulitumia?

Kabatini kulikuwa na kamusi moja isiyo na jalada. Humo nikakuta kwamba vow ni promise iliyo solemn. Nikatafuta solemn, nikapelekwa kwenye serious. Nikatafuta serious, ikanirudisha kwa solemn. Niliifunga kamusi kwa kishindo mpaka vumbi likaruka. Ndipo nikaanza kulitumia neno kila mahali, kwa imani kwamba likizoea mdomo litaingia na kichwani. Jikoni nikamwambia Awor, kwa Kiingereza cha kujishaua, kwamba naweka vow ya kumenya viazi vyote kabla ya kengele. Awor alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe Sista Perpetua alikuwa mlangoni. "Ukiwa umemwambia Awor, ni porojo," akasema. "Ukiwa umemwambia Mungu, ni vow, na ole wako ukibakisha kiazi kimoja." Nilivimenya vyote, hata vilivyooza, kwa sababu sikuwa tena na hakika nilikuwa nimemwambia nani. Wajukuu wangu wakisikia kisa hiki hucheka sana. Mimi siku ile nilikuwa karibu kulia, na si kwa sababu ya viazi. Kila jibu bovu lilinisogeza karibu na mlango wa kutokea, na nje ya mlango ule, kwa hesabu ya mama, kaburi langu lilikuwa linanisubiri tangu surua.

Kilichonimaliza kabisa ni Awor. Miezi yote hiyo hakuwahi kuinua mkono. Jumamosi moja Sista alimgeukia yeye kwa jina, na Awor akatazama mikono yake, halafu akasema kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, "Sijui bado, Sista. Lakini nataka kuisema." Sista Perpetua akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu alichokiagiza, na wiki hiyohiyo tukaambiwa kwamba Awor atakwenda unovisi. Usiku nilijifunika blanketi hadi juu ya kichwa ili asinisikie nikilia kwa hasira. Mimi nimekariri kamusi! Mimi najua tofauti ya promise na kiapo! Yeye anasema hajui, basi amefaulu. Leo Awor ni sista mzee anayetembea kwa fimbo, na kwenye mazishi alinishika mkono wakati wote jeneza likiteremshwa, lakini nikisema kwamba nimemsamehe jibu lile nitakuwa mwongo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza Sista aliponiita peke yangu sebuleni. Safari hii hakuuliza vow ni nini. Aliuliza kwa nini naitaka. Nikasema nimeitwa. Akauliza nani ameniita, nikasema Mungu. Akauliza niliitwaje, wapi, nikiwa nafanya nini, na hapo nikaanza kuvutavuta nyuzi za kitambaa cha kochi, maana mama hakunifundisha zaidi ya pale. Alinisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri, mwanamke yule, angeweza kusubiri mpaka mtu akaungama dhambi za jirani. Mwishowe hasira ya mwaka mzima ikanitoka kwa Kiswahili, lugha ya kufagilia ukumbi. "Sista, nifanye nini sasa? Mama alishaongea na Mungu zamani! Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, nakufa na surua, yeye akamwambia uniache, nitakuwa sista. Nyinyi mkinikataa nitakufa. Mnataka nife?" Hakuelewa yote, akaniomba niseme tena kwa Kiingereza, polepole. Nikafuta pua kwa mkono, nikasema: my mother made a vow.

Sista alifumba macho kidogo. "Sasa umelitumia sawasawa," akasema. Nami, mjinga wa kutupwa, nilifurahi. Kwa kitambo kifupi nilifurahi kama mtoto aliyepewa alama. Kisha akaeleza. Nadhiri ipo, na ni ya mama. Mtu huweka nadhiri ya maisha yake mwenyewe. Hawezi kuweka ya maisha ya mwingine, hata kama ndiye aliyemzaa. "Hujafungwa na kitu chochote, Nabwire. Nenda nyumbani. Mama yako akiona inamlemea, amwone padri, atamfungua. Na siku utakapokuwa na neno lako mwenyewe, mlango huu unaujua." Nilimbishia. Nilimwambia kwetu mzazi akiahidi ng'ombe, mtoto ndiye anayemswaga hadi kwa mwenyewe, wala hasemi kwamba hakuwepo wakati wa kuahidi. "Wewe si ng'ombe," akasema. Nikamwambia ananifukuza kwa kosa lisilo langu. Akasema hakuna kosa na hakuna aliyefukuzwa, kisha akainuka kwenda kuniitia mwenye baiskeli. Nimeishi miaka mingi na sentensi zile na bado siwezi kusema kwamba alikosea. Hilo ndilo linalonikera. Kama angekosea ningemchukia vizuri, nikapumzika. Aliniachia uhuru wangu kama mzigo ulioshushwa mbele ya mlango usio wake, na hakuna hata mmoja, si yeye wala mama, aliyewahi kuniuliza kwa upole kama nilitaka kuwa sista. Sijui ningejibu nini. Kuna asubuhi katika konventi ile, wakati wa kuimba, ambapo pengine ningejibu ndiyo.

Mama nilimkuta sokoni, mbele ya meza yake, akifukuza nzi kwa kipande cha boksi. Pale sokoni alisema nami Kiswahili, ili wateja wasidhani tunawasengenya kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani. "Leo si likizo. Umekuja fanya nini?" Nikamweleza yote, hata lile la kutoboa siri ya surua. Nilijiandaa kupigwa kofi au kuona kilio. Aliendelea kufukuza nzi.

"Sista anasema hiyo nadhiri ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Si ya wewe?"

"Si yangu. Mimi sijawahi kumwambia Mungu kitu."

"Na wewe hutakufa?"

"Kwa ajili ya hiyo, sitakufa."

"Huyo sista, hii mambo amesomea?"

"Amesomea maisha yake yote."

Mama akafunika dagaa kwa gunia ingawa jua lilikuwa bado juu na wateja wa ng'ambo walikuwa ndio kwanza wanavuka. Jioni alichinja jogoo. Kwetu huchinji jogoo bila mgeni au safari, na mimi nilidhani ni wangu, wa kunikaribisha nyumbani, nikala paja bila kuuliza. Alizungumza sana usiku ule, juu ya vitu vidogo: yule mama wa Kenya anayetaka dagaa waliokauka kabisa, nisimchanganyie, paa linalovuja juu ya mtungi, jirani wa kumwomba moto na jirani wa kutomwomba. Asubuhi alinivika aproni yake, akanipa mkebe wa kupimia, akapanda baiskeli ya boda akiwa na kitenge kimoja kilichofungwa mafundo. Nilidhani anakwenda kugombana na Sista Perpetua, na moyoni nilisema afadhali, mtu amwambie yule bibi ukweli.

Hakurudi siku hiyo, wala wiki hiyo. Awor, aliyekuwa bado hajapelekwa unovisi, ndiye aliyenitumia salamu kupitia mwenye baiskeli kwamba mama yuko konventi na hataki kuondoka. Alikuwa ameomba apokelewe kuwa sista. Walimweleza kwa heshima kwamba mjane wa umri wake, mwenye mtoto, hawezi kupokelewa. Padri aliletwa, akasema yuko tayari kumfungua nadhiri ile palepale. Mama akashukuru, akaenda kukaa nje ya jiko, na kesho yake akachukua kisu akaanza kumenya muhogo pamoja na mpishi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya kisu. Huko ndiko alikokaa mpaka alipozeeka na kufa, bila shela, bila cheo, akiwapikia masista. Mimi nikabaki na meza ya dagaa. Niliolewa nikiwa nyuma ya meza ile, nikazaa, nikamwona mama Krismasi na Pasaka, akiwa na haraka ya kurudi jikoni. Watu wa Busia walinisifu kwamba mama yangu ni mtu wa Mungu. Nilitabasamu na kuwapimia dagaa, huku nikijua kwamba mama alinitoka kwa sababu ya sentensi moja ya Kiingereza niliyoisema kwa usahihi.

Nilikwenda kumrudisha mara moja tu, mwezi ule wa kwanza. Jiko lilikuwa limejaa moshi wa kuni mbichi na mama alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa ya ugali wa wimbi, akisonga kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Nilisimama mlangoni nikamwaga yote niliyokuja nayo. Nikamwambia padri amekubali kumfungua. Nikamwambia Sista mwenyewe, aliyesomea, anasema Mungu hamdai mtu kwa ukali hivyo. Nikamwambia mimi bado ni mtoto, siwezi soko peke yangu, na usiku nyumba ni kubwa. Nikamwambia anawafurahisha watu wote isipokuwa mtoto wake. Mama alisonga tu. Nilipoishiwa maneno akauacha mwiko ukisimama kwenye ugali, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, akanitazama. Alinijibu kwa Kiswahili, kwa sababu ya mpishi mwenzake aliyekuwa Mjapadhola asiyejua Kisamia, na alikuwa ameacha kuchambua kunde ili asikie.

"Wewe, si ulipona?"

Nikasema nilipona.

"Basi," akasema mama, akashika mwiko tena. Nilibaki nimesimama pale na hasira zangu zote, sina pa kuziweka, mpaka kengele ya chakula ilipopigwa na mpishi akanipa sahani nisaidie kupakua.